Kabla hujafunga kamba za viatu: mazoezi kwa mwenye kisukari

Pima sukari kwanza. Osha mikono, ikaushe, ndipo utoboe kidole, kwa sababu utomvu wa tunda ukibaki kwenye ngozi mashine itakupa namba ya uongo. Ukisoma kati ya 5 na 13.9 mmol/L (mashine nyingine husoma 90 hadi 250 mg/dL; namba za sukari zinazofuata humu ni za mmol/L), nenda. Iko chini ya 5 na unatumia insulini? Kula kwanza gramu 15 hadi 30 za wanga unaoingia damuni haraka. Imepita 13.9? Pima ketoni, yaani tindikali ambazo mwili hutengeneza unapochoma mafuta kwa kukosa insulini, hasa kama una kisukari aina ya 1. Zikiwepo, siku hiyo hakuna mazoezi: insulini imepungua mwilini, na ukiilazimisha misuli kufanya kazi ini litazidi kumwaga sukari na ketoni zitaongezeka. Vilevile pumzika kama ndani ya saa 24 zilizopita sukari ilishuka hadi ukasaidiwa na mtu mwingine. Mwili uliotoka kushuka hivyo huchelewa kukupa dalili safari inayofuata.

Ijue dawa yako. Anayetumia metformini peke yake ni nadra kushukiwa na sukari kwa sababu ya mazoezi. Anayejidunga insulini, au anayemeza vidonge vinavyolisukuma kongosho litoe insulini kama glibenklamidi, ndiye wa kubeba tahadhari zote zilizomo humu.

Viatu viwe vya saizi yako, soksi zisiwe na mshono unaokwaruza, na nyayo zikaguliwe kabla na baada. Mwenye ganzi miguuni hasikii lengelenge, na kidonda huanzia hapo. Maji unayo? Haya.

Mfukoni beba gramu 15 za sukari ya haraka mara mbili au tatu: vidonge vya glukosi, au juisi ya kawaida, ambapo nusu glasi hutosha kwa mara moja. Chokoleti haifai kwa kazi hii, mafuta yake huichelewesha sukari. Ukishuka chini ya 3.9, simama, kula gramu 15, subiri dakika 15, pima tena.

Macho yachunguzwe kabla ya kuanza chochote kizito. Mishipa mipya ya damu ikishaota kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kunyanyua chuma huku umebana pumzi, kurukaruka na kuinamisha kichwa chini kunaweza kuipasua ikavujia damu ndani ya jicho. Hilo hulijui kwa kujiangalia kwenye kioo.

Sasa, utajuaje kama zoezi ni zito au la wastani? Wengi hushika hesabu ya mapigo ya moyo kwa dakika: 220 toa umri, kisha asilimia 64 hadi 76 ya jibu kuwa wastani, na 77 kwenda juu kuwa zito. Hesabu si mbaya, ila humdanganya anayetumia dawa za presha za jamii ya atenololi, zinazozuia moyo kwenda mbio, na yule ambaye kisukari kimeshaharibu neva za moyo wake. Mapigo yatasoma 105 naye amekwisha kabisa. Tumia mdomo wako: ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, ni wastani, ukitoa maneno mawili matatu kisha unahema, ni zito. Hao wa atenololi wajue pia kwamba sukari ikishuka huenda wasisikie moyo kudunda. Jasho hubaki, lakini mazoezini kila mtu anatoka jasho, kwa hiyo wapime badala ya kubahatisha.

Usidunge insulini pajani kisha ukaenda kukimbia. Damu nyingi kwenye msuli huiingiza upesi kuliko ulivyopanga.

Linaloumiza watu zaidi ni hili la usiku, na huanza kwa namba nzuri. Chukua mtu anayejidunga insulini, amecheza mpira wa mbio za kushtukiza kuanzia saa kumi na moja jioni. Anapima akimaliza, anakuta 13. Alianza na 8! Anadhani mazoezi yamemgeukia, anadunga insulini ya kurekebisha, anakula kidogo ili asiharibu kazi, analala. Kilichotokea ni kwamba mbio kali humwaga adrenalini, homoni ya kuuamsha mwili kwa dharura, na adrenalini huliamuru ini litoe sukari kuliko misuli inavyoweza kutumia. Mara nyingi hali hiyo hutulia yenyewe saa moja au mbili baadaye. Wakati huohuo misuli imemaliza akiba yake na inaanza kuijaza upya kwa kuvuta sukari kutoka damuni, kazi inayoendelea usiku kucha. Ongeza ile sindano juu yake. Saa nane usiku yuko 2.6, shuka limelowa, na usingizi umemficha dalili.

Kwa hiyo baada ya zoezi zito la jioni usikimbilie kurekebisha. Subiri, upime tena. Kabla ya kulala, ukiwa chini ya 7, kula kitu chenye wanga. Zungumza na daktari kuhusu kupunguza insulini ya usiku, mara nyingi kwa takribani asilimia 20, na wiki za mwanzo weka kengele ya saa nane upime. Pombe usiku huo ni kosa, kwani ini linaloshughulika na pombe halitoi sukari ya kukuokoa. Kama yote haya ni mzigo, hamishia mazoezi asubuhi.

Kwa wiki, lenga dakika 150 za wastani au 75 za mazoezi mazito, na siku mbili au tatu za kunyanyua vitu. Usipitishe siku mbili mfululizo bila kitu, maana faida ya misuli kupokea insulini vizuri hufifia ndani ya siku moja hadi tatu. Anayeanza atembee dakika 10 baada ya kila mlo.

Mwambie unayefanya naye mazoezi kwamba una kisukari na glukosi iko mfuko gani. Ukiwa na homa, acha. Kifua kikibana, au pumzi ikikata kwa mwendo uliouzoea, simama na utafute matibabu siku hiyohiyo hata kama huumwi sana, kwani mwenye kisukari anaweza kupata shambulio la moyo bila maumivu makali. Na kwenye jua kali usiiache insulini ndani ya gari.