RAM ya kompyuta ya nyumbani: kuichagua na kuifunga

RAM ni kijiti chenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Ukiingia dukani ukauliza "RAM ya 8GB ni bei gani?", umeanza na swali la mwisho. La kwanza ni kizazi: DDR3, DDR4 au DDR5. Vizazi hivi haviingiliani. Mkato kwenye ukingo wenye pini umewekwa mahali tofauti kwa kila kimoja, na volti zake hazilingani: 1.5 kwa DDR3, 1.2 kwa DDR4, 1.1 kwa DDR5. Ukilazimisha, kitakachovunjika ni soketi ya madabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta.

Kompyuta nyingi za majumbani hapa Uganda ni mitumba iliyotoka maofisini ng'ambo, kwa hiyo DDR3 na DDR4 bado zinauzwa sana. HP Compaq Elite 8300 hutumia DDR3, na EliteDesk 800 G3 hutumia DDR4. Namba ya modeli peke yake haitoshi: Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 ni ya DDR3, lakini Dell walilirudia jina hilohilo mwaka 2023 kwa mashine tofauti kabisa. Chomoa kijiti cha zamani, piga picha stika yake pande zote mbili, na ikiwezekana nenda nacho mkononi. Aliyetoka Arua au Kisoro kununua Kampala hawezi kupanda basi tena kwa ajili ya kubadilisha kijiti.

Stika husomwa hivi. Kwenye PC3-12800U, PC3 ni DDR3 (PC4 ni DDR4), 12800 ni kasi, yaani ileile inayoitwa 1600, na U ni kompyuta ya mezani. Herufi S ni ya laptopu. Herufi R ni ya seva, na hapa ndipo watu wanapoumia: kijiti cha seva cha DDR3 au DDR4 huuzwa rahisi, huingia kwenye soketi bila shida, kisha kompyuta ya kawaida haiwaki. Kuna pia vijiti vya DDR3 vilivyoandikwa "AMD"; kama prosesa ya mashine yako ni ya Intel, viache. Zile kompyuta ndogo sana za mezani, zinazofichika nyuma ya skrini, kwa kawaida hutumia vijiti vya laptopu. Na laptopu za Intel Core kizazi cha 4 zenye DDR3 zinataka PC3L, ya volti 1.35; ukiweka PC3 tupu, huenda isiwake.

Sasa kiasi. Fungua programu unazozitumia kila siku, bonyeza Ctrl+Shift+Esc ili Task Manager ya Windows ifunguke, uangalie Memory. Ikikaa juu ya asilimia 85, ongeza. 8GB inatosha kwa kazi za ofisi na masomo. 16GB ni kwa anayehariri picha au kufungua kurasa nyingi za intaneti. Ikiwa Memory iko chini ya 60 lakini Disk imeganda kwenye 100, RAM haitasaidia: nunua SSD, diski ya kasi zaidi. Na vijiti viwili vya 4GB ni bora kuliko kimoja cha 8GB, maana bodi huvisoma kwa pamoja.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya dakika chache. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 10 ili chaji iliyobaki iishe. Usiache plagi ndani eti kwa kuwa umeme umekatika. Umeme unaweza kurudi mkono wako ukiwa ndani ya kasha. Laptopu itolewe betri, au waya wa betri uchomolewe. Fanyia kazi juu ya meza, si kwenye zulia, na gusa chuma kitupu cha kasha kabla ya kushika kijiti. Ondoa vumbi kwenye soketi kwa brashi mpya iliyo kavu. Fungua vishikizo, linganisha mkato, bonyeza ncha zote mbili kwa vidole gumba mpaka usikie "ta!". Inahitaji nguvu kuliko wengi wanavyodhani, na kijiti kilichoingia nusu ndicho chanzo kikubwa cha skrini nyeusi. Kwenye laptopu, kiingize kikiwa kimeinama, kisha kilaze mpaka vishikizo vikikamate. Penye soketi nne, fuata mchoro ulio ndani ya kifuniko.

Kama feni inazunguka bila picha, au mashine inapiga milio, chomoa tena. Sugua pini taratibu kwa raba laini ya penseli, zifute, kisha jaribu kijiti kimoja kimoja katika kila soketi. Hapo utajua kilichokufa ni kijiti au soketi. DDR5 ikiwashwa mara ya kwanza inaweza kukaa kimya dakika kadhaa, isubiri.

Kompyuta ikionyesha 8GB lakini ikatumia takriban 3.2 tu, Windows yako huenda ni ya biti 32. Weka ya biti 64. Mwisho, endesha MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku kucha siku hiyohiyo uliyonunua. Kosa moja tu latosha kukirudisha kijiti. Tunza risiti, wala usibandue stika ya duka, kwa sababu muuzaji huitambua mali yake kwa stika hiyo.