Access ikilia "MISSING": jinsi ya kuirudisha DAO kwenye laptopu mpya

Juzi niliitwa na Bi mmoja mwenye ofisi ya uwakala wa forodha, ghorofani pale Mwembe Tayari, Mombasa. Daftari lake la kontena ni faili la .mdb la tangu enzi za Access 2003 (Access ni programu ya Microsoft ya kutunza data), na kwenye laptopu mpya liligoma kutoa ankara. "Mwanangu, kwa ile kuukuu lilikuwa lafanya kazi. Nimeuziwa mbovu?" Hakuuziwa mbovu.

1. Nakili faili kwanza. Hili halina mjadala.

2. Bonyeza kitufe kinacholeta kosa. Kwa Bi, Access ilisema haipati maktaba, kisha ikalitia rangi neno Date. Date haina hatia: maktaba moja ikipotea, VBA, lugha ya msimbo iliyo ndani ya Access, hushindwa kutambua hata Left na Format. Usiguse msimbo. Bonyeza Alt+F11, ingia Tools, halafu References. Ikiwa imefifia, bonyeza Reset kwanza. Tulikuta: "MISSING: Microsoft DAO 3.6 Object Library". DAO ni maktaba ambayo msimbo huitumia kusoma na kuandika data ya faili.

3. Jua Access yako ni ya biti ngapi: File, Account, About Access. Hapa ndipo nilipowahi kupoteza siku, tangu adhuhuri hadi magharibi. DLL ni faili la kazi ambazo programu nyingi huazima, badala ya kila moja kubeba zake. Ile ya DAO 3.6 ni dao360.dll, nayo ni ya biti 32 pekee. Access ya biti 64 haiwezi kuipakia, hata ikiwa imo kwenye diski. Mimi sikulijua hilo. Nikaipakua kutoka tovuti ya kugawa DLL, nikaibandika System32, nikaisajili kwa regsvr32, ikanijibu haipatani. Mtego ni majina: kwenye Windows ya biti 64, System32 ni ya biti 64, na SysWOW64 ndiyo ya biti 32! Nikaihamishia SysWOW64, nikatumia regsvr32 ya huko, ikasema imefaulu, nikashangilia. Kufungua Access, kilio kile kile, maana nilikuwa nimeisajili kwa programu za biti 32 tu. Na tovuti zile ziepuke kabisa, hujui unapakua nini. Isitoshe, Windows huja na dao360.dll yake, chini ya Program Files (x86)\Common Files\Microsoft Shared\DAO.

4. Ondoa alama ya vema kwenye MISSING, kisha iweke kwenye "Microsoft Office 16.0 Access database engine Object Library". Hiyo ni ACEDAO.DLL, mrithi wa DAO ya zamani, na ipo ya biti 32 na ya biti 64. Ikiwa faili linatumia ADO pia, yaani maktaba nyingine ya kusoma data, ipandishe DAO juu yake kwenye orodha, kwa sababu zote mbili zina kitu kiitwacho Recordset na VBA huchukua ya kwanza kuiona.

5. Debug, Compile. Mistari ya Declare (inayoita kazi zilizomo kwenye DLL) ikiwa myekundu, ongeza PtrSafe, na Long zinazobeba anwani za kumbukumbu zigeuze LongPtr. Ikiwa ni mingi, au fomu zina vidude vya OCX vya zamani (vya kuongezwa kutoka nje ya Access), mimi sijisumbui: natoa Office ya biti 64, naweka ya biti 32. Kwa ofisi yenye faili dogo kama la Bi, hiyo biti 64 haimwongezei kitu.

Kwake hatukufika huko. Compile ilipita kimya, akabonyeza kitufe mwenyewe, na ankara ikatoka na tarehe ya siku ile pembeni juu, pale pale penye Date.