Namna ya kupima nguvu za anga za nchi ukiwa barazani

Baada ya Maghrib, dele la kahawa likishafika barazani kwetu Kibokoni, Mombasa, mpwa wangu hutoa simu. "Mjomba, Uganda wana Sukhoi 6, ndege za vita za Kirusi. Sisi Kenya bado F-5 za Marekani, za enzi za babu. Kukizuka jambo je?" Basi kahawa yapoa mikononi, kila mtu na hesabu yake.

Mimi si mwanajeshi. Nilikuwa karani wa kutoa mizigo, Kilindini na uwanja wa ndege, miaka 31. Ninachokijua kuhusu ndege za vita nimekipata kwa kusoma magazeti mpaka matangazo ya vifo. Lakini karani ana faida moja: picha haimbabaishi. Yeye huuliza mzigo umetoka kwa nani, nani kalipa, na spea zitakuja na meli gani. Ndiyo njia ninayomfundisha kijana huyu.

Anza na jirani

Chukua karatasi. Andika nchi, aina ya ndege, na mwaka zilipoingia. Halafu rudi nyuma miaka mitatu minne uulize: jirani alinunua nini, au alitamka nini?

Jaribu na Kenya. F-5 zilianza kufika 1978. Rudi nyuma sasa. Februari 1976 Idi Amin alidai kipande kikubwa cha magharibi mwa Kenya kuwa ni cha Uganda. Somalia ilikuwa na MiG za Kisovieti na haikuwa imeacha kuidai kaskazini-mashariki yetu. 1977 ikaingia Ogaden, jimbo la Ethiopia. Ukishaandika hayo matatu, huna haja ya kuuliza kwa nini Nairobi ilibisha hodi Marekani. Na hiyo F-5 yenyewe ni ndege nyepesi, nafuu, isiyowachosha mafundi, yaani ndege ya mtu anayetaka jirani ajue kuna mlango na kuna komeo.

Mfano ulio wazi zaidi ni Ethiopia na Eritrea. Walipogombania mji wa mpakani wa Badme mwaka 1998, Eritrea ilileta MiG-29, Ethiopia ikaleta Su-27, nazo ni Sukhoi. Februari 1999 zikakutana angani, na Su-27 ndizo zilizoibuka na ushindi. Nchi mbili zilizoachana kwa amani 1993, tena za watu wa kuganga njaa, zikanunua ndege za bei ile kwa sababu mwenziwe kanunua.

Sukhoi za mpwa wangu ni kitendawili. Uganda ilizinunua Urusi 2011, karibu dola milioni 740 pamoja na silaha zake. Mafuta yalikuwa yamegunduliwa Ziwa Albert 2006, na Sudan Kusini ikawa nchi Julai, mwaka ule ule wa 2011. Barazani kila mtu ana jibu lake. Mimi huacha nafasi wazi kwenye karatasi.

Kisha fuata spea

Hapa ndipo wengi wanapopakimbia kwa sababu hapana picha nzuri. Mimi ndipo ninapokaa.

Mteja wetu mmoja alinunua kreni ya mtumba. Siku ya kushushwa pale bandarini ilikuwa inang'aa, mpaka walinzi walipiga nayo picha. Haikumaliza miezi miwili ikasimama, mkono juu, inavuja mafuta. Aliyeiuza alikuwa ameapa spea zipo tele. Tukangoja wiki saba. Mzigo ulipofika uwanja wa ndege niliufungua mwenyewe mbele ya ofisa wa forodha: bahasha nyepesi kuliko andazi, ndani yake mpira wa duara, mweusi, upana wake kama bangili ya mtoto mchanga. Ofisa aliugeuzageuza akaniuliza, "Ndio huu tu?" Ndio huo tu. Wiki saba, kreni nzima ilikuwa mnara.

Ndege ya vita ina mipira kama hiyo na vikorokoro vingine maelfu, na vingi havitengenezwi ila na aliyekuuzia. Kwa hiyo kwenye karatasi chora safu ya pili: nani akinuna, mfereji unafungwa?

Vita vya Ogaden ni darasa kamili. Ethiopia ilikuwa na F-5E za Marekani, Somalia MiG za Kisovieti. Mwaka 1977 Marekani na Mengistu, mtawala wa Ethiopia, wakakosana. Wasovieti nao wakahamia kwa Ethiopia, na Novemba Somalia ikawafukuza. Yaani vita vinaendelea na pande zote mbili zimeachwa na waliowauzia ndege! Marubani wa Ethiopia, waliofunzwa na Wamarekani, walizipiga MiG kwa ndege walizokuwa nazo tayari, na mizigo mipya ya Kisovieti ikamiminika upande wao pamoja na askari wa Kuba. Somalia haikupata wa kuijazia pengo. Machi 1978 ikaondoka Ogaden.

Iran nayo ilipokea ndege 79 za Marekani aina ya F-14 kabla ya mapinduzi ya 1979, kisha Marekani ikafunga mfereji. Ikawa kung'oa kifaa cha hii kukitia kwenye ile, kama magari yanavyofanyiwa kwenye gereji za Changamwe. Kwa hivyo Kenya ilipoongeza F-5 kwa kununua zilizotumika Jordan, wengine barazani walicheka mitumba. Mimi sikucheka. Mafundi wanaijua ndege ile, vyombo vyao ni vile vile, na ndege ya ziada ni ghala la spea lenye mabawa.

Uliza zalala wapi

Ndege ni hodari ikiwa juu. Ikiwa chini ni bati na mafuta. Juni 1967 Israeli iliziteketeza ndege nyingi za Misri uwanjani hata kabla hazijaruka. Julai 1976 makomando wa Israeli walizilipua MiG za Amin pale pale Entebbe. Na hapa kwetu pwani, 5 Januari 2020, al-Shabaab walivamia uwanja wa Manda, Lamu, wakaua Wamarekani 3 na kuchoma ndege zilizoegeshwa. Watu wenye bunduki, wa kutembea kwa miguu.

Juni 2025 Ukraine ilitumia droni 117 zilizopenyezwa Urusi na kufichwa juu ya malori, malori yakafika mpaka karibu na viwanja vya ndege kubwa za mabomu, kimoja kikiwa Siberia, zaidi ya kilomita 4,000 kutoka Ukraine. Mimi niliyekagua makontena maisha yangu yote, habari ile ilininyima usingizi. Zamani ulinzi wa uwanja ulikuwa waya na mbwa. Siku hizi karatasi ya lori imo.

Bei ya kurusha, bei ya kuangusha

Asubuhi ya 28 Novemba 2002 nilikuwa upande wa mizigo, uwanja wa Moi, nasubiri muhuri. Boeing ya Israeli iliruka na watu zaidi ya 250. Sisi hatukujua kitu. Baadaye ndipo tukasikia ilirushiwa makombora mawili ya begani, Strela, chombo kilichobuniwa miaka ya sitini, na yote mawili yakakosa. Karibu wakati huo huo hoteli moja ya Kikambala ikalipuliwa. Tangu siku hiyo, mtu akinitajia bei ya ndege humuuliza bei ya kinachoweza kuiangusha.

Droni zimeigeuza hesabu hiyo kabisa. Droni ya Kiirani ya aina ya Shahed hukadiriwa makumi ya maelfu ya dola, na kombora moja la Kimarekani la Patriot la kuizuia ni milioni kadhaa. Ethiopia ilizitumia droni za Uturuki, Uchina na Iran katika vita vya Tigray, na hapo nchi yenye Sukhoi ilionekana ikitegemea vyombo visivyo na rubani. Basi kwenye karatasi usiandike ndege za kivita peke yake. Andika droni, rada, na mizinga ya kutungulia.

Na watu, usiwasahau. Vita vya Kagera, Tanzania na Uganda ya Amin, walinzi wa anga wa Tanzania pale Musoma waliziangusha ndege 3 za Tanzania yenyewe. Machi 1979 Libya ilimtumia Amin ndege ya mabomu ya Tu-22 iupige mji wa Mwanza, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala. Agosti 2012, helikopta 3 za vita za Uganda zilizokuwa zikienda Somalia zilianguka Mlima Kenya, na hapakuwa na adui.

Pa kutafutia

Bajeti husomwa Juni. Tazama fedha za matengenezo, usitazame za kununua peke yake. Sherehe za Jamhuri, 12 Desemba, hesabu ndege zilizopita angani, ulinganishe na zinazotajwa kwenye simu yako. Picha za setilaiti za bure nazo zafaa: ndege iliyo mahali pale pale kwa picha tatu za miaka mitatu, hiyo ni banda la kuku. Na kila ajali ikitokea, andika tarehe na sababu iliyotajwa.

Wiki iliyopita mpwa wangu alikuja na karatasi yake, imekunjwa mara nne, Uganda upande huu, Kenya upande ule. Safu ya ndege imejaa mpaka pembeni. Ya spea ina mistari miwili.

"Mjomba, hii ngumu."

Nikamsogezea kikombe, nikamwambia ajaribu kwanza Ethiopia.