Somo: Kurudisha miti shambani kwa kisiki hai

Sensa ya 1967 ilihesabu Watanzania milioni 12 na kidogo; ya 2022 ikapata 61,741,120. Ardhi ni ileile. Shamba ambalo babu alikuwa akilipumzisha, wajukuu wamegawana, wanalima kila msimu, na kuni wanatafuta hapohapo. Kwenye ukame wa Dodoma miche mingi hukauka, ila mara nyingi mizizi ya miti iliyokatwa bado iko hai. Kisiki hai ni kutunza machipukizi ya mizizi hiyo hadi yawe miti tena.

1. Kagua shamba kabla ya kulima. Kisiki kilicho hai huchipua kama kichaka. Wengi hukifyeka kila mwaka wakidhani ni magugu.

2. Chagua machipukizi mawili au matatu, manene, yaliyonyooka. Mengine kata. Hapa ndipo watu huona huruma, wakaacha kumi, na yote yakadumaa yakigombea maji.

3. Pogoa matawi ya chini hadi nusu ya urefu. Kata kuelekea juu ili gome lisichanike. Panga butu liache nyumbani.

4. Funga kitambaa cha rangi, vibarua na wachungaji wajue mti una mwenyewe.

5. Rudi mara kwa mara uondoe machipukizi mapya.

Huko Maradi, Niger, njia hii ilianza miaka ya 1980 kupitia Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, na leo imeenea nchini humo kwenye hekta zipatazo milioni 5.

MASWALI YA WANACHAMA

Kivuli hakitaua mahindi?
Kikizidi, kitapunguza mavuno. Ndiyo maana tunapogoa. Katikati ya shamba acha miti michache, mingine iwe mipakani.

Nimechagua vizuri, mbuzi wa jirani wamemaliza. Nifanyeje?
Hilo, ndugu, panga haliwezi. Lipeleke mkutano wa kijiji, ipitishwe sheria ndogo yenye faini. Wasukuma wana ngitili: malisho hufungwa wakati wa mvua, hufunguliwa kiangazi. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza Shinyanga 1986 ulifufua desturi hiyo, na miti ikarudi bila kila mtu kuzungushia uzio.

Kuni nitapata lini?
Siku hiyohiyo unayopogoa, ila ni fito na vijiti. Nguzo ni miaka, kutegemea mti na mvua.

Kwangu visiki viling'olewa kwa trekta.
Basi somo hili halikufai, panda miche. Ila chimbua kidogo kwanza mipakani, trekta huwa halifiki huko.