Kupanga mwaka wa masomo ya nyumbani kwa mtoto wa Gredi ya Kwanza: tulivyofanya Lamu

Wengi humu kundini mmeniuliza niliupangaje mwaka wa kwanza wa kumsomesha binti yangu nyumbani. Alianza akiwa na miaka sita, sasa ana saba. Nitaeleza hatua kwa hatua, kisha maswali yenu na majibu yatakuja chini. Tunakaa Langoni, kwa hivyo mifano yangu ni ya kisiwani. Aliye Malindi au bara atabadilisha apendavyo.

Jambo moja naomba mlishike: usianze na ratiba ya siku, anza na mwaka mzima. Mimi nilianza kinyume. Nilichora ratiba ya saa mbili asubuhi hadi saa tisa, kengele ya simu ikilia kila nusu saa, na wiki ya tatu mwanangu akawa analia akiona tu kalamu. Ikanibidi nifunge vitabu siku kumi. Mtoto mmoja aliyekaa na mzazi wake hahitaji saa nyingi kama darasa la watoto arobaini.

Hatua ya 1: Sheria kwanza

Hili msiliruke. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 30, inamtaka mzazi ahakikishe mtoto wake anahudhuria shule au taasisi iliyoidhinishwa, na imeweka adhabu kwa anayekiuka. Masomo ya nyumbani hayakuandikiwa njia yake iliyo wazi. Kwa hivyo kabla ya kununua hata daftari, nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako, ueleze nia yako, uulize mtoto ataandikishwa wapi na vipi. Andika siku uliyokwenda na ulichoambiwa. Cheti cha kuzaliwa kiwe tayari. Anayekwambia "wewe somesha tu, hakuna atakayekuuliza" hatakuwepo siku utakayoulizwa.

Hatua ya 2: Kalenda ya nyumba yako

Chukua karatasi kubwa, chora visanduku 52, kila kimoja wiki moja. Mihula mitatu ya shule kwa kawaida huwa wiki 13, 14 na 9, jumla 36. Hizo 36 ndizo nilizozilenga. Lakini kabla ya kujaza masomo nilitoa kwanza wiki ambazo najua nyumba yetu haitasoma: kumi la mwisho la Ramadhani, Idi zote mbili, na wiki ya Maulidi katika mfunguo sita (mwezi wa sita baada ya Ramadhani), maana mji mzima huhamia Msikiti wa Riyadha na kwetu wageni hulala hadi ukumbini. Kumbukeni mwaka wa Kiislamu ni mfupi, siku 354 au 355, kwa hivyo Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Karatasi ya mwaka jana haitakufaa mwaka huu.

Kisha nikatazama pepo za msimu. Baba yake ni mvuvi. Kusi ikikaza, Juni hadi Agosti, haendi mbali, yuko nyumbani asubuhi nyingi. Basi hesabu za kupima na kazi za mikono nikazipeleka miezi hiyo, kwa kuwa yeye ndiye anayezifundisha. Kaskazi ikirudi Disemba, hana nafasi, na mimi nabaki na kusoma na kuandika. Kila nyumba ina kusi yake na kaskazi yake. Mama anayeuza maandazi alfajiri, baba wa zamu za hotelini, wote wana miezi mizito na miezi myepesi. Ijue yako kabla hujagawa masomo.

Hatua ya 3: Mtaala

Mtaala wa Umilisi (CBC) wa Gredi ya Kwanza hupatikana bure kwenye tovuti ya KICD, taasisi ya serikali inayotunga mitaala. Kuna lugha ya asili, Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Elimu ya Dini, Mazingira na Sanaa Bunifu. Soma mada na mada ndogo za kila somo mara moja, uzigawe kwa wiki zako kwa penseli. Usizipe zote uzito sawa. Kwa mtoto wa miaka sita, kusoma ndiyo nguzo na hesabu inafuata. Hayo mengine hufundishika ukiwa unapika au unakwenda sokoni.

Hatua ya 4: Kusoma

Hapa ndipo tulipotumia nguvu nyingi. Wiki mbili za irabu tano peke yake, kwa kuimba na kuandika mchangani. Kisha konsonanti moja baada ya nyingine, kila moja ikipita kwenye irabu zote: ma me mi mo mu, ta te ti to tu. Ukiwa na hizo mbili tu, mtoto tayari anasoma mama, mate, tama, tema. Mpe maneno kamili mapema, aone kwamba silabi huzaa kitu. Angalieni neno kama "mto": watoto wengi hulisoma "muto", kwa sababu hawajaambiwa kwamba hiyo m ya mbele ni silabi peke yake. Piga naye makofi mawili, m-to. Ng na ng' tuliziacha hadi muhula wa pili, ngoma upande huu, ng'ombe upande ule. Th, dh na gh hazikutupa taabu, kwa sababu alishazizoea chuoni, yaani madrasa, na herufi za Kiarabu.

Sasa Kiamu, lahaja yetu ya Lamu. Siku moja alichora kikombe, akaandika chini yake "mai". Nilishashika kifutio mkononi. Nikajiuliza, nafuta nini? Ndivyo bibi yake asemavyo, ndivyo nisemavyo mimi. Na alikuwa ameandika vizuri kabisa alichokisikia. Nikakiweka kifutio chini, nikapiga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto nikaandika "tusemavyo nyumbani", kulia "tuandikavyo kitabuni". Mai, maji. Mui, mji. Mato, macho. Ndia, njia. Siku ya tatu tulipofika neno njaa, aliliangalia, akatabasamu, akasema: "Ndaa! Ni kama ndia." Alikuwa ameona mwenyewe kwamba nd yetu katika maneno kama hayo hugeuka nj kitabuni. Tangu hapo hakukosea tena, na hakuiona lugha ya bibi yake kuwa ni kosa. Wazazi wa Lamu, Pate, Siyu na Faza, nawasihi, wekeni ukurasa huo.

Hatua ya 5: Hesabu

Makumi yalimshinda kwenye karatasi. Alijua kutaja hadi mia, lakini 14 na 41 kwake zilikuwa kitu kimoja. Nikavunja ufagio wa zamani, nikatoa chelewa, nikazikata zikalingana. Kila chelewa kumi tukazifunga uzi. Nikimwambia "nipe 34" hunipa vifungu vitatu na chelewa nne zilizo huru. Akitakiwa kutoa 6 kwenye 34, huona kwamba nne hazitoshi, lazima kifungu kimoja kifunguliwe. Ule uzi unapofunguka ndipo anapoelewa. Ufagio mmoja ulitosha mwaka mzima.

Pesa alijifunza dukani: nampa sarafu za tano na kumi, ananunua chumvi, anarudi na chenji na kunieleza.

Hatua ya 6: Mazingira

Kwa wiki nne, kila siku ya masomo saa nne asubuhi, tulikwenda gatini kuhesabu ngazi zilizo kavu. Anaandika tarehe na idadi, na usiku anachora mwezi alivyouona. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, saa nne maji yalikuwa yamekupwa hasa, ngazi tele. Wiki moja baadaye, saa ile ile, maji yamejaa, ila si ya kupanda juu, ni maji mafu. Maji ya kujaa huchelewa kiasi cha dakika 50 kila siku, hilo alianza kulihisi kabla sijamwambia. Baba yake alipomuuliza usiku, "Kesho maji yatakuwaje?" akajibu sawa. Humo mlikuwa na hesabu, kuandika na kuchora, na mazingira yenyewe.

Hatua ya 7: Wiki na siku

Jumatatu hadi Alhamisi, saa mbili hadi saa nne na robo. Kusoma kwanza, akili ikiwa bado mbichi, dakika 20. Uji. Hesabu dakika 20. Kuandika dakika 15. Kisha Kiingereza cha kusikia na kusema, halafu gatini au kazi ya mikono. Ijumaa hatukai kitini, tunapita soko lililo kando ya Ngome na kurudi mapema kwa ajili ya sala. Jioni ana chuo, kwa hivyo baada ya alasiri simgusi. Ramadhani, kabla ya kumi la mwisho, tunabakisha kusoma na hadithi tu.

Kila wiki ya tano niliiacha tupu kwenye karatasi, ndani ya zile 36. Homa itaingia, mgeni atakuja. Wiki hiyo ndiyo ya kulipia.

Hatua ya 8: Faili

Kila Alhamisi weka karatasi moja yenye tarehe, kazi yake halisi, hata ikiwa mbaya. Mwisho wa muhula andika kwa kila somo kama amezidi matarajio, ameyafikia, anayakaribia au yuko mbali nayo, kwa mizani ile ile ya shuleni.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Pacha, Malindi: Wangu ni wawili, mmoja anasoma silabi, mwenzake bado irabu. Niwatenganishe? Na sisi ni Wagiriama, lugha ya asili nifundishe vipi bila kitabu?

Jibu: Dada, watenganishe kwenye kusoma tu, dakika 15 kila mmoja, mwenzake akichora au akicheza nje. Ukiwaweka pamoja, aliye nyuma atakariri sauti ya aliye mbele na utadhani anasoma. Hesabu na mengine wafanye pamoja. Lugha ya asili mkabidhi bibi yao: hadithi moja kwa wiki kwa Kigiriama, nao waisimulie tena siku ya pili. Umri huu kusikiliza na kusema ndiyo sehemu kubwa. Siku moja wapeleke Gede wakaone vipepeo wanavyofugwa, warudi wawasimulie watu wa nyumbani kwa Kigiriama.

Bibi wa Matondoni (ameandikiwa na mjukuu): Nimeachiwa mtoto, na Kiingereza sikijui. Nitaweza?

Jibu: Shikamoo bibi. Kiingereza apewe na mwingine, hata mara tatu kwa wiki, na suala la kuandikishwa mama yake alifuatilie ofisini. Wewe una ambayo mimi sina. Mfundishe vitendawili, mfundishe kupima kwa shibiri na dhiraa kama mafundi wa majahazi hapo kwenu wanavyojua. Apime mlango kwa shibiri yake, kisha kwa yako, aone hesabu hazilingani. Baadaye akipewa rula ataelewa kwa nini watu walihitaji kipimo kimoja.

Mama wa Kwanza, Lamu: Kiingereza nianze kukisomesha lini? Wangu anasoma "name" kama na-me.

Jibu: Hiyo ni dalili njema, Kiswahili kimemkaa. Cha kusema anza siku ya kwanza: salamu, rangi, vitu vya jikoni. Cha kusoma sisi tulingoja muhula wa pili, silabi za Kiswahili zilipokuwa hazimtatizi tena. Mwambie wazi kwamba kwa Kiingereza herufi haina sauti moja tu, na mumpe daftari lake peke yake, la rangi nyingine.

Baba Faza: Mimi na mamake tuko kazini hadi jioni. Saa mbili za usiku zinatosha?

Jibu: Saa zinatosha, wakati ndio haufai. Mtoto wa miaka sita baada ya isha amekwisha. Jaribuni baada ya alfajiri, saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili, mkae naye mmoja mmoja kwa zamu. Jioni msomeeni hadithi tu, asiandike chochote. Na ndugu yangu, kama asubuhi hiyo haipatikani angalau siku nne kwa wiki, bora aende shule, na hiyo ya jioni muiendeleze kama nyongeza. Sisemi kukuvunja moyo. Mtoto aliyeachwa nusu nyumbani nusu shuleni ndiye anayeumia.

Mama Pacha, Malindi: Nimesahau moja. Chelewa unazikata urefu gani?

Jibu: Shibiri moja ya mtoto. Na choma ncha kidogo kwa moto zisimdunge.