Kabla hujavaa raba: mazoezi, kolesteroli na moyo kwa wakazi wa Mtwara na Lindi

Anza na kipimo. Anayeanza kutembea bila kujua mafuta yake ya damu yalikuwa kiasi gani, baada ya miezi mitatu hana cha kulinganisha. Ukienda hospitali ya Ligula au Sokoine, uliza kwanza kama vitendanishi, yaani dawa za kupimia, vipo, kisha omba majibu manne: kolesteroli yote, LDL (kolesteroli mbaya), HDL (kolesteroli nzuri) na trigliseridi (aina nyingine ya mafuta ya damu). Jumla peke yake inadanganya, kwani HDL ikipanda, jumla nayo hupanda, na mtu huogopa bure. Wakikutaka ufunge, ni kwa muda wa saa 9 hadi 12, kwa maji matupu. Siku ya kuamkia kipimo, acha zoezi zito na uache uraka: pombe hupandisha trigliseridi, zoezi huzishusha, na majibu yatakuwa ya siku moja, si yako.

Jua pia utegemee nini. Misuli inayofanya kazi huchota trigliseridi kutoka kwenye damu, ndiyo maana hizo hushuka mapema. HDL hupanda polepole, baada ya wiki kadhaa, tena kidogo. LDL, inayojenga utando kwenye mishipa ya moyo, husogea kidogo tu. Kwa hiyo aliyeandikiwa statini, dawa ya kushusha kolesteroli, asiiache kwa sababu siku hizi anatembea, na anayekula mchuzi wa tui zito kila siku asitegemee miguu imalize kazi ya sufuria. Hata hivyo moyo hufaidika kwa njia nyingine pia: presha hushuka, insulini hufanya kazi vizuri zaidi, mishipa hulainika.

Presha ipimwe baada ya kukaa kimya dakika 5. Ikiwa 180 kwa 110 au zaidi, tiba kwanza, mazoezi baadaye. Kifua kinachobana ukipanda mlima, kuzimia, kuvimba miguu, au ndugu wa damu aliyefariki ghafla akiwa kijana: hayo ni ya daktari kabla ya hatua ya kwanza.

Dawa zina mambo yake. Ukitumia atenolol, dawa ya presha inayopunguza mapigo, mapigo ya moyo hayapandi kama ya wengine, basi usiyahesabu. Tumia kipimo cha mdomo: uweze kuongea lakini usiweze kuimba. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi abebe sukari au soda mfukoni, na akague nyayo akirudi. Kwa mtumiaji wa statini, uchovu wa misuli siku za mwanzo za mazoezi ni wa kawaida. Maumivu makali pamoja na mkojo mweusi kama kahawa si ya kawaida, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Njia nayo ichaguliwe kwa akili. Ufukweni Shangani, Mtwara, mchanga mgumu hupatikana maji yakipwa. Maji hubadilika kwa karibu dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa iliyokufaa leo, wiki ijayo huenda bahari imejaa na umebaki na mchanga laini unaochosha na kutegua vifundo. Novemba hadi Machi joto na unyevu ni vikali: toka saa 12 asubuhi au baada ya saa 11 jioni, hasa ukimeza dawa za kukojoza.

Lengo ni dakika 150 kwa wiki, lakini wiki ya kwanza dakika 10 hadi 15 kwa siku zinatosha. Ongeza 5 kila wiki, na siku 2 ziwe za kuimarisha misuli. Kupalilia mikorosho kunahesabika. Tatizo lake ni msimu: palizi ikiisha watu hukaa, na faida kwenye damu hupotea ndani ya wiki chache.

Ukiwa njiani kifua kikabana, maumivu yakaenda mkono wa kushoto au tayani na jasho baridi likakutoka, simama, kaa chini, ita mtu. Usijaribu kumalizia mzunguko.