Kubali Kuuguzwa: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kufanyiwa Upasuaji

Yaliyo wazi nitayapitia haraka. Mweleze daktari dawa zote unazotumia, zikiwemo za mitishamba ambazo wengi huona haya kuzitaja, kwa kuwa baadhi yake huzuia damu kuganda. Kama unavuta sigara, acha angalau wiki 4 kabla, ili mapafu yapate nafuu na kidonda kipone vizuri. Saa ulizokatazwa kula na kunywa zifuate bila ubishi, maana tumbo lenye chakula ni hatari kwa mtu aliyepewa nusukaputi.

Sasa tuje kwenye lile lililonigharimu: usijipangie siku ya kupona, na usimfukuze anayekuja kukuuguza. Nilipofanyiwa upasuaji wa ngiri, niliambiwa nisinyanyue kitu kizito kwa wiki 6. Mimi nikazifanya 3, kwa sababu maumivu yalikuwa yamepungua na ngozi imeshafunga. Sikujua kwamba ngozi hufunga mapema kuliko tishu zilizo chini yake, na kwamba kovu huendelea kujiimarisha kwa miezi mingi. Dada yangu alikuja kila siku, nami kila siku nilimjibu, "Sijambo, nenda kapumzike." Asubuhi moja alikuwa ametoka tu kuniuliza kama nahitaji maji ya kuoga, nikakataa, kisha nikainua ndoo iliyojaa mwenyewe. Nilihisi kitu kikiachia kwenye kinena, nikakaa chini sakafuni, na baada ya siku chache nikarudishwa chumba cha upasuaji.

Mara ya pili sikuwa na jeuri. Dada alileta beseni, akakunja mikono ya gauni, akaanza kuniosha miguu ambayo sikuweza kuifikia. Nilikuwa nimevikaza vidole kwa haya mpaka vikaniuma. Akavikunjua kimoja kimoja na kuvikausha katikati, bila kusema neno. Baadaye aliniambia kwamba mara ile ya kwanza alikuwa akirudi kwake na kukesha, kwa kuwa hakujua hali yangu ya kweli. Nililia, na ninalisema hilo waziwazi kwa sababu huenda wewe pia una mtu unayemkesheza hivyo.

Kwa hiyo, kabla hujalazwa, andika kazi ambazo hutazigusa na jina la atakayezifanya. Zungumza mapema na mwuguzaji wako kuhusu yale yanayoleta haya, kama kuoga na kwenda chooni, na mkubaliane nani atakusaidia. Zoea kutamka "naomba unisaidie" ukiwa bado mzima, kwani ukiwa na maumivu neno hilo huwa zito zaidi. Tarajia pia siku za kurudi nyuma, ambapo utaamka mchovu kuliko jana bila sababu unayoiona.

Kuuguzwa si kulala kutwa. Muuguzi akikuamsha utembee, amka, kwa maana kutembea hupunguza hatari ya damu kuganda miguuni. Meza dawa za maumivu kwa saa ulizopangiwa, ili uweze kuvuta pumzi ndefu na kukohoa bila woga. Ukipata homa, kidonda kikitoa usaha, mguu mmoja ukivimba au pumzi ikibana, sema hapohapo, hata kama ni usiku wa manane na unaona unawasumbua watu.